Injini ya baba ilitengenezwa mtaani ninapoishi

Watu wa Wales wameirudisha reli iliyokwisha kung'olewa. Mwaka 1941, katikati ya vita, vyuma vyake vilibebwa vikatumike kwingine, tuta likabaki njia ya kondoo. Mwaka 1997 wakaanza kuitandika upya kipande kwa kipande, na mwaka 2011 garimoshi likapita tena mwanzo hadi mwisho, kilomita 40, kutoka Caernarfon hadi Porthmadog. Sisi Uganda tuna reli ambayo sehemu yake kubwa bado imelala pale pale ilipotandikwa. Ile ya kwenda Kasese, magharibi ya nchi, imefunikwa na nyasi, mafunjo na vibanda. Nikiyaweka mambo haya mawili pamoja moyo unaniuma, ndiyo maana naandika.

Mimi ni mtoto wa reli. Nimezaliwa kwenye kota za reli Tororo, chini ya ule mwamba, na sasa huu ni mwaka wa 14 niko Manchester, nauguza wazee. Baba aliingia kazini mwaka 1953 pale Nakuru, kijana wa kusafisha injini. Akapanda akawa mchochea moto, na baada ya uhuru akakabidhiwa injini akawa dereva. Njia yake ya ujana ilikuwa ile inayopanda kutoka Nakuru hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, kisha inateremka Eldoret, Malaba, mpaka Tororo. Mimi nilipopata akili dizeli zilikuwa zimeshika kazi. Lakini baba hakuacha kuzisimulia Garratt, zile injini kubwa za mvuke, kama mtu anavyomsimulia ng'ombe aliyemlipia karo.

Jioni moja alichukua viberiti vitatu akavifunga kwa uzi, kimoja nyuma ya kingine, akavipanga mezani. "Hiki cha katikati ni bwela, la kuchemshia maji," alisema. "Hiki cha mbele kina magurudumu yake na tangi la maji. Hiki cha nyuma kina magurudumu yake, mafuta, na maji mengine." Kisha akavivuta taratibu kuzunguka kikombe cha chai. Viberiti vikapinda pamoja na kikombe, vyote vitatu, bila uzi kukatika. Ndiyo siri ya Garratt. Injini ndefu yenye nguvu za injini mbili, lakini inakunja kona kali, na uzito wake umegawanyika kwenye magurudumu mengi kiasi kwamba reli nyepesi inauhimili. Bwela linaning'inia katikati, halina magurudumu chini yake, kwa hiyo tanuru linaweza kuwa pana na lenye kina. Na huna haja ya kuigeuza mwisho wa safari, kwa kuwa inakwenda mbele na nyuma sawasawa. Aliyeibuni alikuwa Mwingereza, Herbert William Garratt, ila ukimsikiliza baba ungedhani waliibuni pamoja.

Basi Agosti mwaka jana nilichukua likizo ya siku tatu nikaenda Wales. Nilikuwa nimesimama stesheni ya Caernarfon na tiketi yangu mkononi, injini ikarudi nyuma polepole kushika mabehewa. Tangi mbele, bwela katikati, tangi nyuma. Viberiti vitatu vya baba, safari hii vikiwa vya chuma, vinatoa mvuke. Nilisogea hadi ubavuni. Namba 143. Kibao cha shaba kilisema Beyer Peacock, Manchester, 1958. Hii ilipelekwa Afrika Kusini, kwenye reli nyembamba ya kule, ikapiga kazi huko miaka mingi, na Wales wakaitafuta na kuivusha bahari ili ije ipande milima yao. Nilibaki nimeweka kiganja kwenye chuma chake chenye joto mpaka gadi akaja kuniuliza kwa upole kama niko salama. Nilikuwa salama. Machozi yalikuwa yananitoka tu.

Niliporudi ndipo nikajua. Kiwanda cha Beyer Peacock kilikuwa Gorton. Gorton! Mtaa wangu mimi, ninakopanda basi saa kumi na mbili asubuhi kwenda zamu. Kilifunguliwa mwaka 1854 na kufungwa mwaka 1966, na ndicho kilichoziunda zile Garratt kubwa 34 za Afrika Mashariki, za mwaka 1955 na 1956, kila moja tani 252, zilizopewa majina ya milima yetu. Duniani hakukuwa na injini ya mvuke kubwa kuzishinda kwenye reli ya upana wa mita moja. Mbili bado ziko kwenye makumbusho ya reli Nairobi, Mount Gelai na Mount Shengena. Baba alifariki mwaka 2009. Hakuwahi kujua kwamba binti yake angekuja kulala umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mahali zilipogongwa ribiti zake.

Sasa nirudi kwenye safari yenyewe, maana watu wa nyumbani huniuliza, "Kwani huko treni za zamani wanazipanda za nini?" Wanazipanda kwa macho. Garimoshi linaondoka Caernarfon karibu na bahari, linapanda hadi Rhyd Ddu ubavuni mwa Yr Wyddfa, mlima ambao Waingereza huuita Snowdon, kisha linateremka kwa kujipinda kama chatu hadi Beddgelert. Ukiwa behewa la nyuma unaiona injini dirishani, iko chini yako, inakwenda upande unaotoka. Baadaye kuna korongo la Aberglaslyn, mto unanguruma kulia, mashimo mafupi ndani ya mwamba, halafu ghafla uko Porthmadog na treni inakatiza barabara katikati ya mji, magari yameisimamia. Safari nzima huchukua saa mbili na zaidi. Nililipa zaidi ya pauni 40 kwenda na kurudi, pesa ambazo Tororo zinalisha nyumba siku nyingi, na mabehewa yalikuwa yamejaa.

Lakini kilichonishika zaidi ya milima ni lugha. Vibao vyote vina Kiwelshi, na reli yenyewe kwa Kiwelshi inaitwa Rheilffordd Eryri. Gadi na mama wa duka la chai walikuwa wakizungumza lugha yao bila kujali nani anaelewa, halafu wananigeukia mimi kwa Kiingereza. Nikakumbuka kota za Tororo. Baba zetu walikuwa Wajaluo, Wasamia, Wateso, Wajapadhola, Wanubi, na majirani Wahindi na Wagoa. Kilichowaunganisha ni Kiswahili. Amri za kazi zilikuwa za Kiswahili, ugomvi wa maji bombani Kiswahili, matanga Kiswahili. Nilipokwenda kusoma Kampala wasichana wenzangu walinishangaa, maana kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya askari na ya majambazi wa usiku. Sikuweza kuwaeleza kwamba kwangu mimi ni lugha ya baba akinawa mikono. Mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi nilisikia watu wakiuliza kitatoka wapi. Kimekuwapo. Kilikuwa kinaishi pembeni ya reli.

Na historia yenyewe ya hiyo reli, jamani, ni nzito kuliko ya hawa Wales mara kumi. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani, pale panapoitwa Kisumu leo, Desemba 1901. Watoto husoma kwamba iliitwa Reli ya Uganda ingawa iliishia Kenya, na wanacheka. Hawaambiwi kwamba wakati ule nchi ile ya ziwani ilihesabiwa ndani ya Uganda, mkoa wa mashariki, mpaka mwaka 1902 ilipohamishiwa upande wa pili. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India, na wapatao 2,500 walikufa, wengi zaidi kwa maradhi kuliko kwa wale simba wa Tsavo wanaosimuliwa kila mahali. Wanandi waliipinga kwa miaka, mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa mwaka 1905. Sisi wa upande huu tulisubiri. Mizigo ilivuka ziwa kwa meli. Mwaka 1912 Busoga wakapata kireli chao, Jinja hadi Namasagali, kilichounganisha Ziwa Victoria na Ziwa Kyoga ili pamba ishuke. Reli kuu ikafika Kampala mwaka 1931, baada ya daraja la chuma kuvushwa juu ya Nile pale Jinja. Kasese ilifikiwa mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Pakwach mwaka 1964, sisi wenyewe tukiwa tumeshajitawala.

Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Watoto wa kota tuliuona mgawanyo ule kwa macho: familia zilizokuwa zikihama kati ya Nakuru, Kisumu na Tororo kama watu wa mji mmoja, zikalazimika kuchagua nchi. Rafiki yangu wa mlango wa pili aliondoka na wazazi wake asubuhi, godoro juu ya lori. Baba alibaki.

Nimeipanda ile ya Kampala nikiwa mtoto, usiku, nimelala juu ya mizigo ya Mama, daraja la tatu. Alfajiri Mama alituamsha tuone Nile. Sauti ya magurudumu hubadilika ukiingia darajani, inakuwa tupu, inalia chini yako, na kupitia nguzo za chuma unaona maji yanakimbia meupe. Abiria wote walinyamaza. Mzee mmoja alivua kofia. Nimeona Aberglaslyn, nimeona na zingine za Uingereza, na nasema bila kusita kwamba ile Nile ya alfajiri inazishinda. Sisemi kwa sababu ni kwetu. Nasema kwa sababu nimezilipia tiketi zote na najua ninachokilinganisha.

Kwa hiyo tumekosa nini? Wengi hujibu haraka: wenzetu wana pesa na wana moyo wa kujitolea. Sehemu ni kweli. Ni hapo Wales, kwenye kireli cha Talyllyn, ambako mwaka 1951 kwa mara ya kwanza duniani watu wa kawaida waliichukua reli iliyokuwa inakufa wakaiendesha wenyewe bila malipo. Mpaka leo ukiona mtu anasugua behewa au anang'oa magugu njiani, huenda ni mwalimu mstaafu au mhandisi aliyekuja wikiendi yake. Nilizungumza na mmoja aliyekuwa akipaka rangi kiti. Amekuwa akija miaka 22. Nilimheshimu sana. Lakini nilimuuliza anaishije, akaniambia ana pensheni, nyumba ameshamaliza kuilipia, na akiugua anatibiwa bure. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaotuhubiria tujitolee. Mzee wa reli wa Tororo hawezi kutoa Jumamosi yake bure, kwani Jumamosi hiyo ndiyo ya kulima muhogo wake. Alijitolea alipokuwa kijana, kwa mshahara mdogo na kwa mapafu yake. Sasa ni zamu yake kulipwa. Tukitaka reli ya utalii Uganda, iwe ya watu wenye ujira, kuanzia anayekata nyasi hadi anayesimulia.

Na kuna jambo jingine la huku ambalo sitaki tuliige. Safari hizi za kupendeza husafisha historia mpaka inang'aa kupita kiasi. Reli nyingi za namna hii za Wales zilijengwa kubeba mawe ya kuezekea, na mwaka 2021 UNESCO iliyaingiza machimbo yale na reli zake kwenye urithi wa dunia. Vizuri. Lakini familia iliyomiliki machimbo makubwa ya Penrhyn ilitajirika kwanza kwa mashamba ya miwa ya Jamaika, kwa jasho la Waafrika waliofanywa watumwa, na reli ya kwenda Kisumu ilipokuwa inamaliziwa, wachimbaji wa Penrhyn waliingia kwenye mgomo wa 1900 hadi 1903, watoto wao wana njaa. Kwenye dirisha la treni hilo hulioni. Unaona kondoo. Sisi tukianza, tuanze na ukweli wote: Wapunjabi waliokufa, pamba tuliyolimishwa, baba zetu waliochochea moto wakati usukani ni wa mwingine. Mtalii atavumilia kusikia. Nimekaa nao behewa moja, hujikunyata kidogo, kisha wanauliza maswali mazuri.

Ninachokitaka si kikubwa. Treni ya abiria ya Kampala hadi Namanve, iliyoanza tena Desemba 2015, imeonyesha kwamba watu watapanda wakipewa nafasi. Mkataba wa reli ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala ulitiwa saini Oktoba 2024, na reli ya zamani ya Tororo kwenda Gulu inakarabatiwa. Nafurahi, mizigo ishuke barabarani, malori yametuua vya kutosha. Ila hofu yangu ni hii: reli mpya ikisimama, ya zamani itaitwa vyuma chakavu. Kabla hilo halijatokea, naomba treni moja. Dizeli moja, mabehewa manne yenye madirisha yanayofunguka, Jumamosi asubuhi kutoka Kampala hadi Jinja, ipite mashamba, isogelee msitu wa Mabira, ivuke Nile mwendo wa kinyonga ili mtu aione. Jinja sasa pana makumbusho ya reli, kwa hiyo msafiri hatafika akakuta hakuna kitu. Wauza gonja, zile ndizi za kuchoma, wapewe nafasi rasmi kwenye stesheni, wasifukuzwe. Msimulizi awe na Kiswahili, Luganda na Kiingereza. Hatuhitaji mvuke. Wazungu wanapenda mvuke kwa sababu ndio utoto wao. Sisi utoto wetu ni dizeli ya kijani na harufu ya samaki mkavu behewani.

Baadaye, Kasese. Hiyo ningeilipia hata mara tatu: karibu kilomita 330 kutoka Kampala, mabwawa ya mafunjo, kisha milima ya Rwenzori mbele yako. Lakini huko kazi ni kubwa, tusidanganyane.

Haraka zaidi kuliko treni ni karatasi na watu. Mwaka 2019 nikiwa likizo niliingia ofisi moja kuulizia madaftari ya wafanyakazi wa zamani, nitafute jina la baba. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu, akanipeleka stoo ya nyuma. Bati lilikuwa limetoboka, mvua za misimu kadhaa zimeingia. Madaftari yalikuwa yameshikana kama mkate uliolowa. Nilijaribu kufungua moja, ukurasa ukatoka pamoja na ule wa chini yake, na mikononi nikabaki na tope lenye wino. Kijana akasema, "Pole, mama. Hata sisi hatukuambiwa ni ya maana." Sikumlaumu. Huku Manchester kumbukumbu za Beyer Peacock zimehifadhiwa kwenye makumbusho ya sayansi na viwanda. Niliomba miadi, nikaonyeshwa michoro ya injini za Afrika Mashariki, penseli bado inasomeka, kila ribiti mahali pake. Kwa hiyo leo naweza kujua kila msumari wa injini ambayo baba aliichochea, ila tarehe aliyopandishwa kuwa dereva siwezi kuipata popote. Hii ndiyo tofauti ya ughaibuni na nyumbani inayonikosesha usingizi, kuliko barabara na hospitali zinazosemwa kila siku.

Mama bado anaishi Tororo. Kwenye kabati lake kuna taa ya mkono ya baba, ile yenye kioo chekundu na cha kijani cha kuzungusha, ubavuni imechongwa EAR&H, kifupi cha shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki. Kioo cha kijani kina ufa, baba aliiangusha mwaka 1971 akiruka kutoka injini. Nimewaambia ndugu zangu taa hiyo haiuzwi.

Desemba nitakuwa huko wiki tatu. Mama amehesabu wazee wa reli waliobaki mtaani: watano. Wawili madereva, mmoja gadi, mmoja fundi wa karakana, na mmoja alikuwa akipiga simu za stesheni. Nimenunua kinasa sauti kidogo na betri za akiba, maana umeme tunaujua. Kila mmoja nitamlipa siku yake, na nitauliza kwa Kiswahili, kile chetu cha kota. Mama ameniagiza nisisahau kalamu nene na karatasi kubwa, kwa sababu yule gadi masikio yamekwenda na maswali lazima ayasome.